Siku moja maishani mwangu: nazunguka nyumba za wagonjwa wa kiharusi hapa Moshi

Saa 11 alfajiri nishaamka, chai na kiporo cha ndizi, mkobani naweka taulo, mpira wa tenisi na kopo la maharage mabichi. Mimi ni mtu wa fiziotherapi, yaani tiba ya mazoezi ya viungo.

Saa 1 na nusu niko Rau kwa mzee mmoja, mgonjwa wangu, kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo kwa hiyo mkono wa kulia ndo umelegea, na maneno yamepotea. Ukimwonyesha kikombe hawezi kukitaja, ila ukisema shikamoo baba anakujibu "marahaba" safi kabisa! Wiki za mwanzo watoto wakadhani anadeka. Jamani hadeki, salamu ameitikia miaka sabini imeshakuwa mazoea, kutafuta jina la kitu ni kazi nyingine kabisa. Na nyimbo za kanisani anaimba na maneno yake, kwa sababu kuimba kunatumia sana na upande wa kulia wa ubongo ambao haujaguswa, ndo maana tunaanzia hapo, anaimba "naomba maji" kwanza halafu polepole tunaitoa tuni.

Kisha maharage. Mkono wa kushoto ulio mzima naufunga na kanga, ule mlegevu utoe punje moja moja kwenye bakuli hili kwenda lile. Njia hii imetokana na kazi ya Edward Taub wa Marekani, alianza na kima, akaona mkono usipotumika ubongo unausahau, ukilazimishwa kidogo unarudi kazini. Inamfaa yule ambaye vidole vimeshaanza kucheza. Mzee anatoka jasho, vidole vinatetemeka, punje inadondoka, binti yake anataka kuiokota nikamwambia dada yangu tulia, mwache baba. Seli zilizokufa hazirudi, ila zilizobaki zinajifunza kazi ile na zinajifunza kwa kurudiarudia, sasa ukimlisha na kumvalisha kila kitu kwa upendo unazinyima shule. Miezi mitatu ya kwanza ndo inayozaa zaidi, inaniuma sana nikiona inapita mgonjwa kalazwa tu anaangalia ukuta.

Saa 5, Pasua, kijana wa bodaboda alianguka bila helmeti. Miguu mizima, ila mkewe analia kwamba huyu siye niliyeolewa naye, anafoka, anasahau, na kuna jirani kasema karogwa. Tumekaa sana. Nimemweleza shemeji kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndo breki ya hasira na yake imeumia, alale vya kutosha, redio ipunguzwe, mambo ya siku yaandikwe ukutani.

Saa 8 nakula Mbuyuni, saa 9 bibi mmoja Majengo, hatua kumi na mbili bila fimbo!

Saa 1 usiku nafungua daftari. Mzee wa Rau wiki iliyopita punje 9, leo 31. Kesho nabeba choroko, ni ndogo zaidi.