Ukipekuliwa na polisi, soma kwanza ndo usaini

Mdogo wangu wa kike juzi kasimamishwa na askari wawili usiku akitoka kufunga duka, mgongoni ana begi la vitenge, wakamwambia kuna mzigo wa wizi umepita njia hiyo fungua tuone. Begi akafungua mwenyewe. Shida ikaja pale mmoja, mwanaume, alipotaka kumpapasa mifukoni. Akamwambia kwa adabu tu, afande sikatai kupekuliwa ila naomba anipekue askari wa kike. Wakanuna, wakamtisha kituo, akasema sawa twendeni, na huko akapekuliwa na mama mmoja wa zamu chumbani, hawakukuta kitu, akarudi nyumbani.

Nimejivunia sana huyu binti maana hiyo ndo sheria yenyewe, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 hapa Tanzania, mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzie tena kwa staha.

Ila kumsimamisha hawakukosea, hapa watu wengi tunachanganya. Askari akiwa na sababu ya msingi kuhisi umebeba kitu cha wizi anaruhusiwa kukupekua hapohapo njiani bila hati yoyote, na ukishakamatwa hivyohivyo. Hati ya upekuzi ni zaidi mambo ya nyumba, nayo kwa kawaida inatekelezwa kati ya jua kuchomoza na kuzama mpaka mahakama iruhusu saa nyingine, na ikiwa ni dharura kweli wanaingia bila hati.

Sasa kinachoniuma mimi ni ile karatasi ya mwisho. Kaka yangu walimpekua wakachukua simu yake, wakampa hati ya ukamataji mali asaini, yaani karatasi ya kuorodhesha vitu walivyochukua, imeandikwa "simu moja" basi, hakuna aina wala rangi wala IMEI (ile namba ya utambulisho wa simu), na yeye kwa woga akasaini bila kusoma. Alivyoachiwa akapewa simu moja kweli, kimeo, kioo kimepasuka, sio yake. Utabishana na nani na saini ni yako?

Kile kifungu cha sheria hiyohiyo mawakili wamezoea kukiita 38(3) kinataka askari akichukua kitu akupe risiti, na isainiwe na mwenye mali na mashahidi, ndo maana wakija nyumbani unaona wanamwita mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Mahakama ya Rufani imeshawahi kukataa vielelezo, yaani vitu vilivyoletwa kama ushahidi, kwa sababu risiti hiyo haikuwepo. Lakini kuna kesi nyingine imesema risiti haipo sawa, ila mtuhumiwa mwenyewe si alisaini hati ya ukamataji, akakubali kilichoandikwa pale, basi kielelezo kikabaki. Yaani saini yako inaweza kuziba pengo la askari!

Kwahiyo ndugu zangu soma mstari kwa mstari hata kama wanakuharakisha, simu iandikwe aina yake na IMEI (bonyeza *#06# inatokea), hela ziandikwe kiasi, nafasi iliyobaki wazi omba ipigwe mstari, kitu ambacho si chako kimeandikwa sema palepale mbele ya mjumbe asikie. Na uombe nakala.

Kaka saivi IMEI za simu zote za nyumbani, mpaka ya mama, kaziandika nyuma ya daftari la madeni dukani.