Amani iliyochelewa kufika Chambeshi

Juzi nikiwa safarini kutoka Kasama kwenda Mpika, kaskazini mwa Zambia, tulisimama karibu na daraja la mto Chambeshi. Pale pana mnara mdogo wa mawe, na abiria wengi hawakuutazama hata kidogo. Mimi nilishuka kuusoma.

Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku Afrika kikosi cha Wajerumani cha kamanda Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akipigana na Waingereza, bado kilikuwa kinasonga mbele, na tarehe 13 kiliingia Kasama. Habari ikamfikia tarehe 14, hapo hapo mtoni. Waya za simu zilikuwa na mwisho wake. Kuanzia hapo ujumbe ulitegemea mtu wa pikipiki au tarishi wa miguu.

Ila kilichoniumiza kichwa ni chakula. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, hivyo kila risasi na kila gunia la unga lilisafiri kichwani mwa mpagazi. Naye mpagazi lazima ale, tena anakula kutoka kwenye mzigo uleule. Njia ikirefuka, unga unaishia njiani, inabidi uongeze wapagazi, nao wanataka kula. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, si kwa risasi.

Silaha ziliwekwa chini Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba. Wiki mbili nzima baada ya Ulaya! Dereva akapiga honi, nikakimbilia basi.