Kujitolea kufundisha Kiingereza Nepal: mambo ya wiki za kwanza

Anza na viza. Ya utalii hairuhusu kazi, hata ya bure, kwa hiyo muulize mwenyeji wako mapema atakuombea kibali gani na nani atakilipia.

Saa za Nepal zimetangulia za Nairobi na Dar kwa saa 2 na dakika 45. Mwaka wa shule huanza Aprili. Ukifika Oktoba unaweza kukuta milango imefungwa kwa sikukuu ya Dashain. Mapumziko ni Jumamosi, basi usishangae ukipangiwa vipindi Jumapili.

Shule nyingi huanza saa 4 asubuhi. Wali kwa dengu, dal bhat, huliwa kabla ya hapo, tena shibe kamili. Kula kwa mkono wa kulia, na chupa ya maji ya pamoja isiguse mdomo.

Darasani, swali la “mmeelewa?” halina faida: wote wataitikia ndiyo. Mwite mmoja aandike sentensi ubaoni. Matamshi nayo yana kazi yake. Wengi husema “iskul” kwa school. Waambie wavute sss ndefu kwanza, kisha waunganishe “kul”, wakifupisha kidogo kidogo. Na kichwa kikitikiswa huku na huku, hapo umekubaliwa.