Waya kwenye meno ya Nakuru

Maji ya visima vingi vya Nakuru hupita kwenye miamba ya volkano yakachukua floridi nyingi. Mtoto akiyanywa meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajiunda ndani ya ufizi, yataota na madoa ya kahawia. Mimi ni mmoja wa watoto hao, na siku niliyofungwa waya za meno madoa yale yalimkawiza daktari.

Kabla ya kubandika breketi, vile vipande vidogo vinavyoishikilia waya, jino hupakwa asidi ya fosfori ya asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30. Likisuuzwa na kukaushwa, huwa jeupe lisilong'aa, kama chaki, na hapo gundi hushika. Yangu yaliendelea kung'aa, kwa sababu enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikijaa floridi huikataa asidi. "Dada, meno haya yamekunywa maji ya hapa kwetu," alisema, akarudia kuyapaka. Akanitahadharisha kwamba breketi huenda zikabanduka.

Maumivu yalianza jioni. Jino hushikiliwa na nyuzi ndani ya mfupa. Waya ikilisukuma, nyuzi za upande mmoja hubanwa, damu hupungua, pakavimba. Ndiyo maana nilipotulia sikuhisi kitu, lakini nikitafuna hata ugali laini, machozi. Siku ya pili ndiyo kali kuliko zote. Chai ya moto ilizidisha: waya yangu ya kwanza, ya nikeli na titani, hukaza ikipata joto na hulegea ikipata baridi. Funda la maji baridi lilinituliza mara moja. "Githeri nimekupondea, mwanangu," mama akaniambia, na nikaisubiri ipoe. Omena niliiweka kando, maana miiba yake hujipachika chini ya waya.

Breketi zilipokwaruza shavu nilitumia nta. Lazima breketi ikaushwe kwanza kwa tishu; penye mate nta haishiki. Kijidonge cha ukubwa wa njegere kinatosha.

Wiki haijaisha, breketi ya gego la mbele la chini ikabanduka. Ilikuwa ikiteleza juu ya waya, imezuiwa na raba tu. Sikuing'oa: niliibana kwa nta, nikapiga simu, nikarudi kliniki. Daktari alikwangua kidogo uso wa enameli, akapaka asidi upya, gundi, kisha akamulika taa ya buluu ya kuigandisha. Ikashika hadi mwisho wa matibabu.

Kupiga mswaki kukawa kazi ya dakika nyingi: mswaki ulazwe juu ya breketi, kisha chini yake, na kibrashi chembamba kipitishwe nyuma ya waya. Utando wa vijidudu ukibaki pale, waya zikitolewa utakuta alama nyeupe kuizunguka nafasi ya kila breketi. Wenzangu wenye madoa huuliza kama waache dawa ya meno yenye floridi. Wasiache. Jino lililokwisha kuota halipati tena madoa yale, na adui yake sasa ni asidi ya vijidudu, ambayo floridi ya dawa huipunguzia makali.