Mugumu tunataka lami, lakini si ya kukatiza hifadhi

Mimi ni mtu wa Mugumu, wilaya ya Serengeti, na naanza kwa kusema kwamba barabara tunaihitaji. Nimekulia mahali ambapo masika yakikolea, lori la mahindi linalala njiani na bei sokoni inapanda siku hiyo hiyo. Mama yangu mdogo alipopewa rufaa akiwa na uchungu wa kujifungua, alisafirishwa kwa Noah ya kukodi, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili kila gurudumu lilipotumbukia shimoni. Mtu akiniambia lami ni anasa, hatutaelewana.

Ila ile barabara iliyoshika vichwa vya habari mwaka 2010 siiungi mkono. Ilipangwa kutoka kwetu hadi Loliondo na Mto wa Mbu, ikikatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa kilomita 53. Mjomba wangu ananikasirikia kwa hilo. "Mpwa wangu, hao nyumbu wanapiga kura kituo gani?" ananiuliza, na simlaumu. Tembo wamemlia mihogo zaidi ya msimu mmoja, na kifuta jasho, ile fedha ya Serikali kwa walioharibiwa mazao na wanyamapori, hakinunui hata mbegu.

Mimi namjibu kwa Mikumi. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya Zambia inapita ndani yake kwa kilomita zipatazo 50. Ninapokwenda Iringa sipendi kulala kipande kile. Safari moja asubuhi basi lilipunguza mwendo kwenye tuta, nikamwona swala pala pembeni mwa lami, mguu wa nyuma umegeukia mgongoni, damu bado mbichi. Tai walikuwa wameshatua. Hatua chache kutoka pale nyani alikuwa akimenya hindi lililotupwa dirishani. Na Mikumi wamejitahidi: matuta yapo, vibao vya mwendo vipo, hata bango la faini kwa kila aina ya mnyama lipo. Lakini lori linatembea usiku, majani mabichi yanaota kandokando ambako maji ya mvua yanatiririkia, wanyama wanayafuata, na dereva anamwona nyati wakati breki haisaidii tena.

Sasa chukua hali hiyo uipeleke Serengeti kaskazini. Pale si swala wachache wanaovuka kwenda kunywa maji. Ni nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia, ambao kati ya Julai na Oktoba wanahangaika huku na huko wakitafuta majani na maji ya Mto Mara. Hawana ratiba; mvua ikinyesha ng'ambo wanageuka leo leo. Basi likiwagonga usiku na abiria wakafa, nani atakataa uzio? Hapo ndipo hofu yangu ilipo hasa. Botswana walijenga uzio wa Kuke miaka ya 1950 kwa ajili ya magonjwa ya mifugo, na ukame wa miaka ya 1980 ulipokuja, nyumbu makumi ya maelfu walikufa kwa kukosa njia ya kufikia maji.

Mwaka 2011 Serikali iliiarifu UNESCO kwamba kipande cha hifadhini kitabaki cha changarawe. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, pale Arusha, ikazuia lami katika kipande hicho. Mjomba anasema kesi ililetwa na shirika la Nairobi ili watalii wabaki Kenya. Mimi naona nyumbu wanavuka kwenda Maasai Mara na kurudi kwetu, kwa hiyo njia yao ikikatwa tunapoteza wote.

Kinachonisumbua ni kwamba jawabu lipo na halipigiwi kelele. Mahindi na ng'ombe wetu soko lake ni Musoma na Mwanza, hivyo lami ya kutoka Makutano kupitia Natta hadi Mugumu ndiyo inayotugusa moja kwa moja. Loliondo nao wamepata ya Waso hadi Sale. Wanaotaka kuunganisha Arusha na ziwa wana njia ya kusini: Lamadi, Bariadi na Maswa lami ipo, Daraja la Sibiti limejengwa, na mwaka 2023 ulisainiwa mkataba wa kuanzia Karatu kupitia Mbulu, Haydom na Lalago hadi Maswa. Njia hiyo ina vijiji, mashamba ya vitunguu, mnada wa ng'ombe, wajawazito kama mama mdogo. Barabara ya hifadhini ingepita kilomita 53 bila kumbeba mtu hata mmoja wa njiani. Ningependa kuona wabunge wa kwetu wakiikomalia hiyo ya kusini kila bajeti inaposomwa.

Nilimchorea mjomba ramani kwenye daftari la mjukuu wake. Aliitazama muda mrefu, akaweka kidole Haydom, akauliza nauli itakuwa shilingi ngapi kwa mzunguko wote huo. Nilimwambia itazidi, na kwamba tofauti hiyo ndiyo tuibane Serikali juu yake.