Gari inachemsha, fundi anataka kufungua hedi

Ile Corolla yangu ya 1994, injini 5A, iliwahi kunisumbua kwa kuchemsha, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu, kwenye foleni haina neno, geji imetulia kabisa, lakini uipeleke mwendo mrefu au ukutane na mlima, mshale unapanda taratibu mpaka unagusa nyekundu. Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua, kasikiliza tu kasema hedi gasketi hiyo (ile pakiti kati ya hedi na bloku ya injini) imeungua, lete tufungue.

Mi nikagoma. Dalili zake sizioni, oili safi haina rangi ya maziwa, moshi mweupe hamna, asubuhi injini ikiwa baridi nawasha kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, maji hayatoi mapovu. Sasa hedi tunafungua tutafute nini?

Nikaipeleka kwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Akauliza, "Inachemsha ukisimama au ukitembea?" Ikitembea mzee. "Basi feni iache." Maana gari ikishika mwendo upepo unaingia wenyewe, feni ina kazi pale umesimama au unajikokota. Hata hivyo akachomoa soketi ya swichi ya feni huku funguo iko on, feni ikazunguka hapohapo, kumbe nzima, Toyota nyingi za umri ule ziko hivyo.

Injini ilipopata moto akaizima, akapitisha kiganja kwenye rejeta polepole. Juu inaunguza, pembeni moto, katikati kuna eneo zima la baridi. Akawasha tena akavuta waya wa eksileta kwa mkono, akanionyesha mpira wa chini, na mpira ukabonyea kwa ndani kama chupa ya plastiki inayofyonzwa. "Umeona kijana? Pampu inavuta, maji hayapiti." Ndo basi, rejeta imeziba, ikabidi tubadilishe.

Pampu ya maji nayo hatukuiacha, maana kile kitundu chake cha chini kilikuwa na ukoko mweupe wa maji yaliyokauka, yaani sili imeshaanza kuaga, na ukishamwaga maji yote ni uvivu tu kuirudisha ya zamani. Temostati, kile kilango kinachoruhusu maji yapite kwenye rejeta injini ikipata moto, tuliichemsha kwenye sufuria, imeandikwa ifunguke nyuzi 82, maji yanatokota yenyewe imefunguka kidogo tu. Kuna watu wangeitupa wakaendesha bila temostati, hao siwaelewi, injini inachelewa kupata moto na inakunywa mafuta bure. Tukafunga mpya, kale kavalvu kake kadogo kakiangalia juu ili hewa ipite. Kifuniko cha rejeta pia kipya, cha presha 0.9, watu wanakidharau ila ile presha ndiyo inafanya maji yasichemke mpaka kama nyuzi 118, siyo 100.

Kujaza maji ndo kulikula muda, hita imewekwa moto wa mwisho, kifuniko wazi, unasubiri mapovu yaishe, unaongeza, mara yanashuka tena ghafla temostati ikifunguka.

Rejeta ya zamani tuling'oa tenki lake la juu kwa bisibisi, mirija ya katikati imejaa kitu cha kahawia kigumu kama jiwe, kazi ya miaka ya maji ya bomba bila kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta inayozuia kutu.

Nikaipeleka kwenye mlima uleule, geji ikakaa chini kidogo ya nusu, haisogei. Katikati ya mlima nikawasha na AC, kitu ambacho kwenye gari ile kilikuwa marufuku.