Siku moja na nusu Barcelona kabla ya kupanda meli

Chama chetu tuko wanawake wanne tu. Kuna Mwenyekiti, mtu wa Mombasa, kuna Katibu, kuna Mweka Hazina, halafu kuna mimi nisiye na cheo, kazi yangu ni kulipa na kupigwa faini nikichelewa. Miaka minne tumechanga elfu tano tano kila mwezi, na Juni mwaka jana tukasema basi, hizi pesa tukazile baharini. Kruzi ya siku saba, inatoka Barcelona inapitia Ufaransa na Italia inarudi pale pale. Kulikuwa na nyingine inashuka mpaka Tunisia lakini Katibu akaikataa, kwa sababu ukitoka nje ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza ya kuingia mara moja umejifungia mlango mwenyewe.

Katibu ndio pia alisema lazima tufike siku moja kabla. Mweka Hazina akalia weee, ati hoteli ya usiku mmoja hapo ni sukuma wiki ya mwezi mzima. Katibu akamuuliza tu, ndege ikichelewa, kapteni utampigia simu akungoje?

Na kweli, Jumamosi asubuhi mabegi matatu yakatoka kwa ule mkanda, la Mwenyekiti halikutoka. Tukasimama pale mpaka mkanda ukazimwa tukabaki tunaangalia mpira mweusi umelala. Wakatuandikia karatasi, wakasema labda litakuja na ndege ya usiku. Sasa fikiria tungekuwa tunapanda meli siku hiyo hiyo. Mwenyekiti alibaki na kibeti, chaja na leso mbili, maana mtu wa Mombasa hasafiri bila leso kwa mkoba wa mkononi, na hizo leso ndizo zilimvusha mpaka Jumapili, moja ya kuogea na kulalia, nyingine ya kujitanda njiani.

Tukaweka vitu hotelini tukashuka La Rambla, ile barabara maarufu ya watalii. Kila mtu alikuwa ametuonya kuhusu wezi wa mfukoni na sisi tukacheka, tumezoea Nairobi, tumevuka barabara ya Tom Mboya saa moja jioni na mshahara, nani atatuibia? Bana, hatujamaliza hata mita mia mbili kijana akaanza kumsaidia Mweka Hazina kupangusa uchafu begani, uchafu ambao haukuwa hapo dakika moja iliyopita. Mweka Hazina akageuka akamwambia kwa Kiswahili safi, "Kijana, toa mkono." Akatoa. Pesa za chama zilikuwa zimefungwa kiunoni chini ya nguo mbili, hata yeye mwenyewe alihitaji choo ndio azifikie.

Soko la Boqueria tulikaa kuliko tulivyopanga kwa sababu Mwenyekiti akiona samaki haondoki. Alipinda kuangalia macho ya samaki, akafungua mashavu ya mmoja kwa kidole mpaka mama muuzaji akaanza kumwangalia vibaya, halafu akaona pweza amepangwa kwa barafu mikono imekunjwa vizuri kama nguo za dukani, akasema huyu amepigwa kidogo, huyu akipikwa atakuwa raba. Kanisa la Sagrada Família tulilizunguka nje tu, tikiti za siku hiyo zilikuwa zimeisha, hizo unanunua kwa simu mapema. Lilianza kujengwa 1882 na mbunifu wake Gaudí akafa 1926 akiliacha halijaisha, akagongwa na tramu na watu wakadhani ni maskini wa barabarani kwa vile alivyovaa. Mweka Hazina akasema huyo kontrakta anamjua, ndiye anajenga nyumba yake Kitengela.

Njaa ilituuma saa kumi na mbili jioni kama binadamu wa kawaida. Wapi! Jikoni nyingi zinafunguliwa saa mbili usiku na kuendelea, na hapo jua bado linawaka. Mwenyekiti alikuwa anangoja Magharibi, anaangalia simu, anaangalia mbingu, simu inasema saa tatu na nusu hivi. Kwao saa hiyo watu wako kitandani.

Kwa hivyo tukiwa tunangoja chakula na jua nikawaomba kitu kimoja. Twendeni Montjuïc, kile kilima chenye uwanja wa Olimpiki. Wenzangu walitaka maduka, lakini mimi nilikuwa nimebeba hii kitu tangu nikiwa mtoto. Olimpiki za 1992 zilikuwa hapa hapa Barcelona, na kule nyumbani baba alitoa TV sebuleni akaiweka dirishani majirani wote waone, na mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji Wakenya wakafagia zote tatu, Birir, Sang, Mutwol. Huyo Sang wa fedha ndiye huyu huyu kocha wa Kipchoge. William Tanui akachukua dhahabu ya mita 800. Lakini baba kitu anachokumbuka ni ile ya mita 10,000, Chelimo wetu akifukuzana na Skah wa Moroko, na Mmoroko mwingine ambaye walikuwa wameshampita raundi nzima akawa anawasumbua mbele, uwanja mzima unazomea. Skah akanyang'anywa dhahabu ikawa ya Chelimo, kesho yake Skah akarudishiwa. Baba hakula siku hiyo.

Tukapanda ile funikula, treni ya kuvutwa na kamba mlimani, mpaka juu, tukatembea hadi uwanjani. Tulichungulia kwa geti tu. Nyasi, viti vitupu, upepo. Nikashika vyuma nikalia kidogo, sijui hata kwa nini, na Katibu ambaye hajawahi kutazama mbio maishani akanishika mgongo akanyamaza.

Jumapili saa tatu asubuhi begi likafika hotelini. Tukachukua teksi mpaka bandarini, na pale chini vijana wanachukua mabegi yote wanakuambia utayakuta mlangoni kwa kebini. Mwenyekiti akakataa katakata, "Mwanangu, hili nimelipata leo," akaliburuta mwenyewe kwa mashine ya ukaguzi, kwa lifti, mpaka ghorofa ya tisa, leso begani.

Saa kumi na moja tuko juu kwa deki, Montjuïc iko hapo hapo mbele, uwanja uko upande wa pili hauonekani. Nikampigia baba video. "Baba, ona ule mlima, jana nilikuwa pale zilikokimbiwa zile mbio mlizotazama." Akasogeza simu karibu na macho, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Uliwauliza ile dhahabu ya Chelimo?"

Mweka Hazina nyuma yangu anapiga kelele nizime data, meli imeanza kusogea, mtandao wa baharini utatumaliza.